Pipa Lililojengewa Nyumba

Mume wangu si mtu wa kelele. Akitaka jambo hulisema mara moja, kisha hunyamaza akalisubiri. Jambo alilolitaka tangu nilipostaafu kazi ya ukarani serikalini lilikuwa moja tu: tuondoke Lodwar, turudi kwao magharibi, tujenge kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na babake, tulale tukijifunika blanketi kama watu wengine wa umri wetu. "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," aliniambia siku niliyotoka kuagwa ofisini, nikiwa bado na maua ya karatasi shingoni. Nikamjibu kwamba guu langu lilikuwa zima kabisa.

Mimi Lodwar ndiko nilikozeekea. Nilihamishiwa huku nikiwa msichana anayeogopa nge, nikiomba kila Jumapili nipate uhamisho mwingine. Uhamisho haukuja, na nge nao wakanizoea. Watoto wetu walizaliwa hapa wakaenda zao. Ninajua saa ambayo upepo huanza kutoka upande wa mto Turkwel, ninajua muuza maziwa gani huongeza maji, na nikipita sokoni ninasalimiwa "Ejok, mama" na watu ambao hawajui ukoo wangu wala hawautaki. Kule kwao mume wangu, mimi ni mke wa fulani, na kuna mashemeji wa kuniambia mboga za sukuma zipandwe upande gani. Nilikuwa nimeapa kwamba sitakwenda kufundishwa kupanda sukuma uzeeni.

Lakini mtu hawezi kukaa mahali kwa sababu tu hataki kwenda kwingine. Nilihitaji kazi ya mikono. Nikachimba bwawa nyuma ya nyumba, nikalitandika karatasi nzito ya plastiki, nikatia vifaranga vya ngege. Watu walinicheka waziwazi. Ziwa liko pale Kalokol, nani anafuga samaki Lodwar? Niliwaambia waniletee samaki wa Longech aliyefika mjini saa sita mchana na macho bado yanang'aa, ndipo wacheke. Samaki wa ziwani hutufikia amekaushwa, au amekaangwa, au amechoka. Mimi nilitaka mteja aje na karai aondoke na samaki anayepigapiga mkia.

Sasa, bwawa dogo haliwezi kuishi bila chujio. Langu lilikuwa pipa la plastiki la buluu. Ndani nilipanga kokoto, juu yake nyavu kuukuu za wavuvi nilizozikunjakunja, na juu kabisa sponji. Pampu ilivuta maji bwawani, yakamwagika juu ya pipa, yakashuka taratibu na kurudi bwawani kwa bomba la chini. Watu hudhani kazi ya chujio ni kuzuia takataka. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine hufanywa na vijidudu vya faida vinavyoota kwenye zile nyavu na kokoto, vikila sumu ya mavi ya samaki. Vikifa, samaki wanakufa nyuma yake, hata maji yawe meupe kama ya chupa.

Na vyangu vilikufa. Kiangazi cha kwanza pipa lilisimama uchi ukutani, jua likaligeuza sufuria. Alasiri ulikuwa huwezi kuligusa. Siku moja niliamka nikakuta samaki wote wako juu, wamefungua vinywa kama waimbaji, na kufikia adhuhuri walikuwa wamelala ubavu. Mume wangu alikuwa amekuja kutoka Kakuma, ambako ana duka la spea za pikipiki na hukaa huko juma zima. Alishika jembe akanisaidia kuwafukia nyuma ya choo. Hakusema nilikwambia. Alinawa mikono, akakaa, ndipo akasema maneno yake.

"Leta wengine. Wakivuka kiangazi kijacho mpaka mvua inyeshe, tunabaki hapa, na mimi sitasema tena mambo ya nyumbani. Joto likiwaua, tunafunga mizigo. Mkono?"

Nikampa mkono. Harufu ya samaki ilikuwa bado viganjani mwetu.

Hivyo ndivyo uzee wangu wote ulivyotundikwa kwenye pipa moja la plastiki. Sikulia wala sikuomba ushauri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama.

Kiangazi kilichofuata kilipoanza kubisha hodi nilipanda gari na mume wangu mpaka Kakuma kutafuta vifaa. Wazo nilikuwa nalo tayari, na nililiona la busara sana. Sisi akina mama wa kikundi cha kanisa tulifundishwa zamani kikapu cha kuivishia: unachemsha maharagwe, unaitia sufuria ndani ya kikapu kilichoshindiliwa matambara na blanketi, unafunika, na maharagwe yanaiva yenyewe bila moto. Tena tulifundishwa kwamba kikapu hichohicho ukitia soda baridi, hukaa baridi, kwa kuwa kizuiacho joto kutoka ndicho kizuiacho joto kuingia. Nikasema, basi, pipa langu nitalitia kikapuni.

Katika soko la kambi ya wakimbizi nilimwendea mama mmoja wa Sudan Kusini tuliyefahamiana naye kanisani, muuza blanketi na magodoro yaliyotumika. Nilichagua blanketi nene kuliko zote. Alinitazama usoni, kisha akanishika paji la uso.

"Mama, joto hii yote, blanketi ya nini? Wewe iko na malaria?"

"Si yangu. Ni ya pipa."

"Pipa iko na malaria?"

Akawaita wenzake kwa Kiarabu cha Juba, wakaja kumtazama mwanamke anayelinunulia pipa blanketi. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mume wangu alisimama kando amebeba vipande vya godoro, akitazama paa la kibanda kana kwamba hanijui. Nilinunua vyote nilivyovitaka, na turubai nyeupe juu yake.

Nilipolimaliza lile pipa lilionekana kama mtoto wa kule Timboroa kwenye baridi anayepelekwa kliniki. Godoro, blanketi, blanketi nyingine, turubai, kamba. Kifuniko nilikikaza kwa raba ili hewa ya moto isipenye. Nikalizunguka mara nyingi nikijisifu kimoyomoyo. Vifaranga wapya walikuwa wamekua viganja vizima, wakikimbilia chakula kwa fujo, na nilimpigia mume wangu simu kumwambia aanze kuzoea kiti chake cha uzeeni hapahapa Lodwar. Alisema, "Tutaona," akakata.

Haukupita muda samaki wakaanza uvivu. Ukiwarushia chakula, wanakifikiria kwanza. Alfajiri moja nilitoka nje nikapata harufu kama ya mayai viza. Nilitia mkono bwawani, maji yalikuwa yamepoa vizuri kwa usiku. Nikafungua kifuniko cha pipa, nikatia mkono. Yalikuwa maji ya kuogeshea mtoto. Nilisimama pale nisielewe: ni alfajiri, bwawa limepoa, mchanga umepoa, ukuta umepoa, mbona pipa nililolifunika kwa mikono yangu ndilo peke yake la moto?

Nikaingia jikoni kufikiri. Juu ya meza kilikuwapo kikapu changu, na ndani yake maharagwe niliyoyaacha tangu jioni. Nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni. Maharagwe yalikuwa yameiva yakapasuka.

Nilicheka peke yangu kama mwehu, kisha nikahisi machozi. Maji yalikuwa yakiingia pipani yakiwa tayari ya moto, kwa sababu bomba lilipita juani mchana kutwa, na usiku, nilipozima pampu kubana stima, lile vazi langu la heshima likayakataza kupoa. Kifuniko nacho kikavinyima vijidudu pumzi. Kikapu kilikuwa kimefanya kazi yake kama tulivyofundishwa. Nilikuwa nimelipika chujio langu mwenyewe, polepole, bila moto.

Nilitoka na kisu cha jikoni nikazikata zile kamba kwa hasira. Blanketi zikaenda huku, godoro kule. Nilizisuuza nyavu kwa maji ya bwawani, maana ya mfereji yana dawa na yangeua hata vile vijidudu vilivyobaki. Samaki wachache walikufa wiki ile. Nilipompigia mume wangu nilimwambia ukweli, na nilisikia akivuta pumzi.

"Wengine wako?"

"Wako."

"Basi bado," akasema. Ni mtu wa haki, hata pale haki inapomuumiza.

Nilikaa kwenye kigoda nikalitazama lile pipa siku nzima, kivuli kikihama. Niliachana na mambo ya kufunika, na pampu nikaiacha ingurume usiku kucha. Nilijiuliza, huku kwetu kitu gani hupoa mchana? Nikawakumbuka madereva wa malori wa Lokichar niliowaona kila nilipokwenda kikazi: mtungi wa maji hufungwa gunia lililoloweshwa, ukatundikwa kivulini penye upepo. Hawaufungii upepo nje. Wanauita. Hapo ndipo nilipoanza upya.

Nilichimba shimo nikalizamisha pipa mpaka kiunoni, kwa sababu udongo wa chini hauna habari na jua. Bomba nililifukia kwenye mchanga, njia yake yote. Kifuniko nikakitupa, nikaweka wavu mwembamba wa kuzuia majani na vyura. Sehemu ya pipa iliyobaki juu nikaivika magunia ya katani, ya kuloweshwa kila jua linapopanda. Kilichobaki kilikuwa kivuli chenyewe. Bati sikulitaka, maana bati la Lodwar hukupa kivuli kwa mkono mmoja na kukuchoma kwa mwingine. Nikaagiza makuti ya mkoma kwa jirani yangu, mama wa Kiturkana anayeyauza karibu na kisima.

Alikuja na wenzake wawili na fito za mti wa mathenge, nao wakaanza kazi papo hapo. Kwao kujenga ni kazi ya mwanamke, na nyumba ni ya mwanamke aliyeijenga. Waliinamisha fito, wakazifunga juu, wakasuka makuti hata ikasimama nyumba fupi ya duara, yenye mlango wa kuinama na kuta zinazopitisha upepo. Mimi niliwaonyesha tu upepo unakotoka.

"Mama," jirani yangu akauliza akiwa juu ya kigoda, "hii nyumba ni ya nani?"

"Ya pipa."

Wakatazamana. "Ya pipa," akarudia kwa adabu, kama mtu anayekubali uongo wa mwenzake. Maana kwao kijumba kipya kikiota uani kwa mtu, kuna mke mpya njiani, na pengine mke mkubwa anayeipokea habari hiyo kwa moyo mzuri huwa hana haja ya kueleza. Kabla hawajaondoka, mmoja alinishika bega akaniambia, "Mama, wewe iko na roho nzuri sana. Mimi yangu ilikataa."

Nilidhani ni utani wa kuishia pale uani. Sikukumbuka kwamba magari ya Kakuma hubeba maneno bila nauli. Katikati ya juma, siku isiyokuwa yake ya kuja, nilisikia lango likigongwa. Mume wangu aliingia na mafuta ya injini bado mikononi. Mzee wa kanisa alikuwa amemfuata dukani mbele ya wateja, akamkemea kwa Maandiko.

"Nimeambiwa nimeoa," akasema.

"Karibu umwone bibi arusi."

Aliinama akaingia. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alisema, "Ni mnene kidogo," na mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Lakini yeye hakucheka sana. Alirudi akainama tena, akatia mkono ndani ya maji ya pipa, akauacha humo. Ilikuwa alasiri, saa ambayo mchanga wa nje unaunguza nyayo kupitia kandambili. Maji yalikuwa baridi. Niliona uso wake ukielewa kwamba ninaweza kushinda, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma.

Huruma haikunizuia kulowesha magunia. Nililowesha asubuhi, nikalowesha adhuhuri, nikalowesha kila nilipopita na kikombe mkononi. Niliacha mazoezi ya kwaya. Binti yangu aliniita Eldoret kumwona mjukuu, nikamwambia mjukuu atasubiri, hana jua juu yake. Mbingu zilibaki tupu, mifugo ikapitishwa barabarani mbavu nje, na watu wakaanza kusema mvua imepotea njia. Samaki wangu wakala kwa fujo yao ya zamani. Kila jioni niliingia ndani ya kile kijumba, nikashika pipa kama ninavyomshika mtoto paji la uso, nikatoka nimeridhika.

Kisha akafariki mwenzangu wa ofisini, aliyenifundisha kazi nilipofika, na mazishi yakawa Lokichar siku ya Jumamosi. Hilo halina udhuru. Mume wangu alikuwa nyumbani kwa mapumziko yake. Nilimwomba aloweshe magunia, akaitikia, nikaondoka.

Tulikuwa bado makaburini niliposikia watu nyuma yangu wakisema stima imepotea Lodwar tangu asubuhi, mji mzima. Bila stima hakuna pampu, bila pampu maji hayaendi pipani, na kwa joto lile bwawa lenye samaki wakubwa halingemaliza mchana. Nilipiga simu yake, ilikuwa imezimwa. Nilimlilia marehemu, na Mungu anisamehe, machozi mengine yalikuwa ya ngege.

Njiani nilikuwa na jambo moja tu la kufikiri. Mume wangu hakuhitaji kufanya ubaya wowote. Alihitaji kukaa tu. Akae kivulini, anywe chai, jioni aniambie pole, na hakuna hakimu duniani angemlaumu. Angekuwa kwao kabla ya msimu wa kupanda. Nilijiandaa kumkasirikia, halafu nikajiuliza ningemkasirikia kwa lipi. Mkono nilimpa mwenyewe.

Nilipofungua lango nilisikia vicheko vya wanawake. Jirani yangu na wenzake walikuwa wamekaa ukutani wakitazama. Mume wangu alikuwa kifua wazi, suruali ameikunja mpaka magotini, ndoo mkononi. Anateka bwawani, anainama mlangoni, anamimina juu ya pipa, maji yanashuka yenyewe kwenye nyavu na kurudi. Anarudi kuteka. Hakuwa amenisikia. Niliona mgongo wake jinsi ulivyokuwa ukimgomea kila alipoinama, na ule ni mgongo ambao kwa miaka mingi umekuwa ukipakwa dawa na mimi.

"Tangu asubuhi anahudumia bibi yake," jirani yangu akaniambia. "Chakula alikataa."

Nilimpokonya ndoo. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Samaki walikuwa chini, mahali pao, wakizunguka.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

Alikaa juu ya mchanga palepale akipumua kwa nguvu. "Tulisema joto," akanijibu. "Stima haikuwa katika maneno yetu."

Tulibadilishana ile ndoo mpaka taa ya jikoni ikawaka na pampu ikaanza kunguruma. Nilitaka kumwambia ninampenda, lakini sisi hatuna mazoea hayo, kwa hiyo nilimkanda mgongo.

Mvua ilinyesha baada ya hapo, mvua kali ya Turkana isiyoomba ruhusa, na Turkwel ikashuka na magogo. Asubuhi yake anga ilikuwa safi na jua limesharudi kazini. Mume wangu alisimama ukingoni mwa bwawa akarusha chakula, samaki wakaruka wakigombania, akawatazama mpaka kikaisha. Halafu akatoa simu, akaenda kusimama langoni, akampigia ndugu yake. Alizungumza kwa lugha ya kwao, bila kunificha, akijua ninaisikia vizuri.

"Lima tu," alikuwa akisema. "Panda mahindi. Ndiyo, lote. Hata pale penye msingi, jaza udongo kisha panda."

Sikuwa nimejua kwamba kuna msingi. Alikuwa ameuchimba kimyakimya, msingi wa nyumba yetu, bila shaka katika zile safari nilizodhani ni za kufuata spea. Niliona mitaro yake akilini, mvua za huko zikiwa zimeijaza nyasi, na ndugu yake akiipitishia jembe.

Nilitaka kumkimbilia nimwambie aache, tujenge hata chumba kimoja cha kulala Krismasi. Nilijua angekubali. Nilijua pia kwamba chumba kimoja kingezaa jiko, jiko lizae zizi, na mwaka mmoja tungekwenda tusirudi. Roho iliniuma kweli. Niliendelea kuokota majani kwenye wavu wa pipa, nikamwacha amalize simu yake.

Alirudi akifuta macho kwa kiwiko, akasema ni jua. Kisha akauliza kama magunia ya leo yameshalowa. Nikamwambia bado, akaenda kuchukua ndoo.